NAMBA MBILI, ULIMWENGU MMOJA: MUNGU HAPENDI MIZANI YA UONGO

Masomo ya kusali nayo wiki hii: Mithali 11:1, Ayubu 42:7-9, Luka 2:41-51



Chukua Biblia yako (ya kwenye simu nayo ni Biblia, usione aibu) ufungue Mithali sura ya 11, mstari wa kwanza kabisa. Ni mstari mfupi, na unaongelea mizani. Unatuambia kwamba Mungu anachukizwa na mizani iliyochezewa, na kwamba kipimo cha haki ndicho kinachompendeza.

Aliyewahi kutumwa dagaa sokoni anaelewa haraka. Kuna muuzaji ambaye kilo yake ni gramu mia tisa, na ukilalamika anakuuliza kama umekuja kununua au kugombana. Tukisoma Mithali 11:1 tunamfikiria huyo. Ni sawa, na ajirekebishe. Lakini kuna mizani nyingine ambayo sisi waamini tunaichezea, tena kwa nia njema, tukidhani tunamsaidia Mungu. Leo nataka tuitazame hiyo. Njia yetu itapita mbali kidogo, kwenye galaksi. Nivumilie, tutarudi nyumbani.

Kwenye magrupu yetu ya vijana hupita ujumbe wa namna hii: "Wanasayansi wamechanganyikiwa! Vipimo vyao vya ulimwengu vinapingana! Mungu ameshinda!" Chini yake zinafuata amina arobaini na mikono iliyoinuliwa. Mimi sikuandika amina. Nataka nikueleze kwa nini, kwa sababu habari yenyewe ya vipimo kupingana ni ya kweli, na ni nzuri kuliko huo ujumbe.

1. VIPIMO VINAVYOPINGANA NI VIPI?

Ulimwengu unatanuka. Chukua kipande cha mpira, ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli. Chora nukta juu yake kwa kalamu, kila baada ya sentimita moja, kisha uuvute. Nukta zote zitaachana, na hakuna nukta iliyotembea yenyewe: mpira ndio uliotanuka. Halafu utaona kwamba nukta iliyo mbali na kidole chako inakwenda kasi kuliko iliyo karibu, maana kati yenu kuna mpira mwingi zaidi wa kutanuka. Galaksi ziko hivyo. Iliyo mbali zaidi inaachana nasi kwa kasi zaidi.

Swali ni: kwa kasi gani? Wataalamu wanajibu kwa namba moja, yaani kilomita ngapi kwa sekunde kwa kila megaparseki. Megaparseki moja ni umbali wa miaka ya nuru kama milioni 3.26, na mwaka mmoja tu wa nuru ni kilomita trilioni 9 na nusu hivi. Tukisema namba hiyo ni 70, tunamaanisha kwamba galaksi iliyo megaparseki moja kutoka hapa inachukuliwa mbali nasi kilomita 70 kila sekunde, iliyo megaparseki mbili inachukuliwa kilomita 140, na kuendelea hivyo.

Sasa, kuna njia kuu mbili za kuipata namba hiyo.

Njia ya kwanza ni kupanda ngazi. Unaanza na nyota za karibu, ambazo umbali wake unapimwa kwa jinsi zinavyoonekana kuhama kidogo dunia inapozunguka jua. Nyosha kidole gumba mbele yako, fumba jicho moja, kisha lingine. Umeona kidole kinavyoruka? Ndiyo hesabu yenyewe. Kutoka hapo unapanda kwenye nyota ziitwazo Sefeidi, ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpangilio. Mwaka 1912 Henrietta Swan Leavitt, mwanamke aliyefanya kazi katika kituo cha nyota cha Harvard huko Marekani, alionyesha kwamba Sefeidi inayochukua muda mrefu kupanda na kushuka ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Hesabu siku zake, utajua ina mwanga kiasi gani kwa asili. Linganisha na unavyoiona kutoka hapa, utajua iko umbali gani. Ngazi ya tatu ni supanova, nyota zinazolipuka na kuonekana kutoka mbali mno. Kundi la Adam Riess, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011, lilipanda ngazi hii na mwaka 2022 likatoa jibu: 73.04, na nafasi ya kukosea kama 1 juu au chini.

Njia ya pili haipandi ngazi. Inaanza mwanzoni. Upo mwanga wa zamani kuliko wote tunaoweza kuuona, ulioachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000 tu. Bado unatufikia kutoka pande zote za anga, ukiwa umepoa sana. Ndani yake kuna tofauti ndogo mno za joto, kama sehemu moja katika laki moja. Satelaiti ya Ulaya iitwayo Planck, iliyorushwa mwaka 2009, ilizichora tofauti hizo kwa makini. Ukichukua mchoro huo na kuuingiza katika nadharia inayokubalika ya jinsi ulimwengu ulivyokua, unaweza kukokotoa kasi ya kutanuka inavyopaswa kuwa leo. Jibu lililotolewa mwaka 2018 ni 67.4, na nafasi ya kukosea ni nusu tu juu au chini.

73 na 67. Mtu atasema, "Frateri, si ni karibu tu hizo?" Hapana. Tofauti yake ni kama asilimia 8, na namba hizi zimepimwa kwa makini kiasi kwamba hata ukiipa kila moja nafasi yake ya kukosea, hazigusani. Uwezekano wa tofauti hiyo kuwa bahati mbaya tu umekadiriwa kuwa chini ya mmoja katika milioni.

Wakasema labda darubini ya Hubble ilizichanganya Sefeidi na nyota nyingine zilizosongamana nazo. Ikaja darubini kubwa zaidi, James Webb, iliyorushwa siku ya Noeli, 25 Desemba 2021. Mwaka 2024 kundi la Riess likatangaza kwamba limezitazama upya Sefeidi zaidi ya 1,000 kwa Webb, na vipimo vya Hubble vimesimama palepale. Wakati huohuo kundi la Wendy Freedman, bingwa mwingine wa kazi hii, likatumia Webb hiyohiyo na nyota za aina mbalimbali, likapata namba karibu na 70. Kwa hiyo hata wale wanaopanda ngazi hawajakubaliana wao kwa wao.

Kuna mambo mawili yanayowezekana. Huenda kuna kosa limejificha mahali ambalo hakuna aliyeliona. Au huenda vipimo vyote ni sahihi, na tunachokijua kuhusu ulimwengu ndicho kimepungukiwa.

Na hapa naomba uwatazame watu hawa kwa macho ya Mithali 11:1. Ingekuwa rahisi sana kwa kundi moja kusogeza namba yake kidogo ili kelele ziishe. Au mtu mwenye busara za kikao aseme, "Jamani, tuchukue wastani, tuandike 70, twende tukale." Wastani wa vipimo viwili vinavyopingana hauwi ukweli kwa sababu tu unaleta amani. Wamekataa kuichezea mizani. Wanakaa na tofauti hiyo hadharani, mbele ya dunia nzima, mwaka baada ya mwaka. Huo ni uadilifu, na mimi nikiwa mwamini sioni sababu ya kuucheka.

2. PADRE ALIYEKUWA KWENYE CHANZO CHA HESABU HII

Wengi wenu mliosoma fizikia mmefundishwa jina la Hubble. Kuna jina jingine. Mwaka 1927, miaka miwili kabla ya Hubble kuchapisha kazi yake maarufu, padre Mkatoliki wa Ubelgiji aitwaye Georges Lemaître alichapisha makala kwa Kifaransa akionyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na akakokotoa kasi yake. Alikuwa amepigana katika Vita Kuu ya Kwanza, akarudi, akaingia seminari, akapewa upadre mwaka 1923. Einstein alipokutana naye mwaka huohuo wa 1927 alikubali hisabati yake lakini akaikataa fizikia yake. Baadaye Einstein alibadili msimamo. Na mwaka 2018 wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia walipiga kura kupendekeza kwamba sheria hiyo iitwe kwa majina yote mawili, Hubble na Lemaître.

Sasa sikia namba yenyewe. Lemaître alipata karibu 625. Hubble mwaka 1929 alipata karibu 500. Hazifanani hata kidogo na 67 au 73 za leo! Na 500 ilileta taabu kubwa. Ukiihesabu kurudi nyuma kwa njia rahisi, ulimwengu unakuwa na umri wa miaka kama bilioni 2. Lakini kufikia miaka ya 1940 mawe ya dunia yetu yalikuwa yakipimwa na kuonekana ya zamani kuliko hapo. Yaani mtoto kamzidi mama yake umri! Huo ulikuwa mgongano mkali kuliko wa leo.

Walifanya nini? Hawakuyatupa mawe, wala hawakuzitupa galaksi. Waliendelea kutazama. Mwaka 1952 Walter Baade alitangaza kwamba nyota zilizokuwa zikitumika kupima umbali zilikuwa za aina mbili, zikihesabiwa kama aina moja. Zilipotenganishwa, umbali wa galaksi ukawa mara mbili ya ule wa zamani, na umri wa ulimwengu ukaongezeka. Bado haikuisha: katika miaka ya 1970 na 1980 kambi moja ilisema 50 na nyingine ikasema 100. Leo tunabishana kati ya 67 na 73, na umri tunaoutaja ni kama miaka bilioni 13.8. Kila hatua ilipatikana kwa sababu kuna watu waliokataa kukificha kipimo kisichowapendeza.

3. USIMTIE MUNGU KWENYE UFA

Hapa ndipo ninapowaomba wale wa amina arobaini wanisikilize.

Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi. Kwa furaha ya mchungaji, alieleza kwamba sayansi ya kisasa inaonekana kushuhudia ile saa ya kwanza ya uumbaji. Ungetegemea Padre Lemaître, mwanachama wa taasisi hiyo, apige makofi kuliko wote. Nadharia ni yake! Inajulikana kwamba hakufurahia. Alishikilia kwamba nadharia yake ni ya fizikia, na kwamba inabaki nje ya swali la kama Mungu yupo au hayupo: anayeamini anaweza kuipokea, asiyeamini vilevile. Mwaka uliofuata, Septemba 1952, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikutana Roma. Ni mkutano huohuo ambao Baade alitangaza matokeo yake. Papa aliwahutubia wanasayansi hao pia, na safari hii hakuirudia hoja ile.

Kwa nini padre akatae zawadi nzuri namna hiyo? Miaka yangu ya falsafa imenisaidia kumwelewa, hasa kupitia Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa yake (sehemu ya kwanza, swali la 46) Thoma anafundisha kwamba ulimwengu kuwa na mwanzo tunalishika kwa imani, na akili haiwezi kulithibitisha kwa hoja. Kisha anaonya: ukijaribu kuthibitisha jambo la imani kwa hoja dhaifu, unawapa wasioamini nafasi ya kucheka, maana watadhani hizo ndizo sababu zinazotufanya tuamini. Hii iliandikwa katika karne ya 13, kabla ya WhatsApp!

Thoma pia anatutenganishia mambo mawili tunayoyachanganya. Mwanzo ni jambo moja, uumbaji ni jingine. Kusema Mungu ameumba ni kusema kwamba kila kilichopo kinategemea upendo wake ili kiwepo, saa hii, unaposoma mstari huu. Kasi ikiwa 67, ni Muumba yuleyule. Ikiwa 73, ni yuleyule. Wanasayansi wakipatana kesho asubuhi, Mungu hapungukiwi kitu.

Basi yule aliyeposti "wamechanganyikiwa, Mungu ameshinda", wakipatana atasema Mungu ameshindwa? Imani inayokula makosa ya wengine itakufa njaa siku makosa yatakaposahihishwa. Na kijana wa kidato cha sita anayependa fizikia akiona hayo kwenye grupu la parokia, atajifunza kwamba ili awe Mkatoliki mzuri ni lazima aombee wenzake wa maabara wakwame. Huyo tunampoteza sisi wenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 159, inafundisha kwamba imani na akili haziwezi kugombana kweli, kwa sababu Mungu mmoja ndiye chanzo cha zote mbili. Ukweli hauhitaji tuulinde kwa mizani ya gramu mia tisa.

4. MARAFIKI WA AYUBU

Sasa turudi nyumbani, kama nilivyoahidi.

Nilipokuwa kwenye mwaka wa kichungaji kulikuwa na kijana mmoja katika kikundi chetu, mpiga kinanda, mtu wa kila Jumapili. Mama yake aliugua. Jumuiya yao ilisali novena, watu walifunga, yeye mwenyewe alikesha. Mama akafariki. Kwenye matanga akaanza kupokea maelezo. Mmoja alimwambia, "Ni mapenzi ya Mungu, mwanaume halii." Mwingine akamwambia kwa sauti ya chini, kama anampa siri, kwamba labda novena ile haikusaliwa kwa imani ya kutosha. Baada ya arobaini hakuonekana tena kwenye kinanda.

Nilipomtembelea aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Frateri, mimi najua Mungu ni mwema. Nimemwona akiwa mwema. Na najua alichofanyiwa mama yangu. Sijui nifanye nini na hivi viwili."

Namba mbili. Zote mbili zimepimwa kwa uaminifu. Hazigusani.

Wale watu wa matanga hawakuwa wabaya. Walikuwa wanafanya walichofanya Elifazi, Bildadi na Sofari, marafiki watatu wa Ayubu. Wao walikuwa na hesabu nzuri: Mungu ni wa haki, kwa hiyo anayeteseka ametenda dhambi. Ayubu akawaambia, kwa maneno marefu na kwa machozi, kwamba hesabu hiyo haimfikii yeye. Badala ya kuihoji hesabu, wakakihoji kipimo. Lazima umekosa mahali, Ayubu. Kumbuka vizuri. Waliisogeza namba ya mateso yake ili jibu lao litoke sawasawa, na walidhani wanamtetea Mungu.

Kisha soma mwisho wa kitabu, 42:7. Mungu mwenyewe anamgeukia Elifazi na kumwambia kwamba amekasirika naye na wenzake wawili, kwa sababu hawakusema yaliyo sawa juu yake kama alivyosema Ayubu. Hebu fikiri. Ayubu aliyelalamika, aliyelaani siku ya kuzaliwa kwake, aliyemtaka Mungu waende mahakamani, ndiye anayeambiwa amesema sawa. Waliomtetea Mungu kwa mizani ya uongo wanaagizwa watoe sadaka, na Ayubu awaombee!

Nilimsomea kijana yule mstari huo. Sikuwa na maelezo ya kifo cha mama yake, na sikumtungia. Nilimwambia kwamba haruhusiwi kuifuta namba yoyote kati ya hizo mbili. Usifute wema wa Mungu kwa sababu ya kaburi, na usilifute kaburi kwa sababu ya wema wa Mungu. Zipeleke zote mbili mbele ya Ekaristi, uzitaje kwa sauti.

Alirudi kanisani baada ya miezi kadhaa. Kinanda hajakigusa. Anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kwa macho yangu, kile ni kiti cha heshima.

5. MAMA ALIYEYAWEKA YOTE MOYONI

Kuna kukaa na namba mbili kwa kiburi, kama mtu anayefurahia mashaka yake na kutaka wote wayaone. Kuna kukaa nazo kwa kukata tamaa. Na kuna njia ya Maria.

Luka 2:41-51 inasimulia Yesu alivyopotea akiwa na miaka kumi na miwili. Siku tatu wanamtafuta. Wanamkuta Hekaluni, na Maria anamuuliza waziwazi kwa nini amewafanyia hivyo. Hakujifanya haumii. Yesu anajibu kwamba imempasa kuwa nyumbani mwa Baba yake. Na Luka anaandika jambo la kushangaza: Maria na Yosefu hawakuelewa. Maria, aliyepokea habari kwa malaika, hakuelewa! Huyu ni mwanangu, na huyu si wangu. Namba mbili. Maria hakuifuta hata moja. Aliyaweka yote moyoni mwake, akarudi Nazareti kupika na kuchota maji, akaendelea kumpenda.

Aliyaweka mpaka msalabani, ambapo Mwanae alilia kwamba ameachwa, na katika kilio hichohicho bado akamwita aliyemwacha Mungu wake. Vipimo vyote viwili viko katika pumzi moja. Jibu la Baba lilikuja siku ya tatu, na halikufuta kitu: Bwana Mfufuka alimwonyesha Tomaso majeraha yaleyale.

Ndugu yangu, dada yangu, hatuahidiwi kwamba kila swali letu litapata jibu kabla hatujafa. Padre Lemaître alibahatika. Wale waliougundua ule mwanga wa kale walitangaza mwaka 1965, na habari zikamfikia akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki tarehe 20 Juni 1966. Ngazi na mwanga, 73 na 67, ametuachia sisi. Mwezi huohuo wa Juni, mwaka 2024, kituo cha Vatikani cha kuchunguza anga kiliandaa mkutano huko Castel Gandolfo kuenzi urithi wake, na katika orodha ya washiriki walikuwemo Adam Riess na Wendy Freedman, wenye namba zisizokubaliana. Mimi naona fahari kwamba Kanisa langu linaweza kuwakaribisha watu wa namna hiyo chini ya paa moja, bila kumlazimisha yeyote apunguze kipimo chake mlangoni.

Parokia zetu nazo ziwe hivyo. Mtu aingie na maumivu yake yakiwa na uzito wake kamili, gramu elfu moja kwa kilo.

MASWALI YA TAFAKARI

Chagua moja, kaa nalo dakika kumi mbele ya Sakramenti Kuu au kitandani kabla ya kulala.

1. Je, kuna jambo la kweli katika maisha yangu ambalo simwambii Mungu kwa sababu naona haliendani na imani yangu?

2. Je, kuna mtu niliyekutana naye msibani au hospitalini ambaye anahitaji nirudi, nikae naye kimya, nisimpe maelezo?

3. Ninapotuma ujumbe wa kutetea imani, huwa nahakikisha kama ni kweli, au inatosha kwamba uko upande wetu?

SALA

Ee Mungu, Muumba wa nyota tulizozihesabu na za zile ambazo hatutazifikia, unajua uzito wa kila kitu. Utupe moyo wa haki, tusikudanganye kwa kukusifu na tusiwadanganye wenzetu kwa kuwafariji. Uwaangaze wanaopima mbingu, wafurahie kazi yao. Uwashike mkono wanaokaa benchi la nyuma na namba mbili mikononi. Utufundishe kungoja kama Maria alivyongoja. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Makao ya Hekima, utuombee.
Mtakatifu Thoma wa Akwino, utuombee.

Nawatakia Dominika njema. Mkituombea sisi tulioko seminarini, mtakuwa mmetusaidia sana.

Frateri wenu katika Kristo.